Mstari wa Kumi na Tatu

Jumatatu asubuhi Cherehani alikikuta kile kitambaa chekundu kimefungwa tena kwenye tawi.

Alisimama na kikapu mgongoni, akakikodolea macho. Jumamosi alikuwa amekifungua mwenyewe, yeye na meno yake, akafungia gunia lake la mwisho, na gunia likapakiwa kwenye gari likaenda kiwandani na kitambaa chake. Sasa kipo palepale, juu kabisa ya shamba, pale mistari ya chai inapoishia na msitu unapoanza, kimelowa umande kana kwamba hakikuwahi kwenda popote.

Angeweza kujiambia kuwa ni kingine. Vitambaa vyekundu duniani havijaisha. Lakini fundo lilikuwa lake. Cherehani alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na fundo lake la gunia, lile la kitanzi ambalo ukivuta mkia linafunguka lote kwa mara moja, sikuzote lililalia kushoto. Shamba zima hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Wenzake walimtania kwamba mwizi akimwibia gunia atalirudisha usiku huohuo, maana fundo litamtaja mwenye mali. Jina la Cherehani lenyewe walimpa kwa ajili ya mikono. Alichuma majani huku akipiga soga, macho yakiwa kwingine, na vidole vilijua vyenyewe jani la kuchukua na la kuacha.

Vitambaa vile vilikuwa alama za njia ya mlimani, na aliyevifunga ni mdogo wake, kiongozi wa wageni, ambaye watu walimwita Ramani. Njia yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Kulikuwa na kibao kimoja kilichooza, mshale wake unaelekeza ardhini, na mawe mawili matatu yaliyowahi kupakwa rangi. Bila vitambaa vya Ramani mgeni angezunguka humo mpaka kiama.

Cherehani alilijua hilo vizuri, na bado akavifungua vitatu. Kiwanda kilikuwa kimepiga marufuku kamba za plastiki, kwa kuwa nyuzi zake ziliingia kwenye chai, kikataka kila mchumaji aje na vitambaa vyake. Alikwisha kuchana gauni kuukuu na mashati mawili, na shuka lake lilibaki nusu, hata akilala ilimbidi achague kati ya kufunika miguu na kufunika kifua. Jumamosi alipoishiwa kabisa, vile vyekundu vilikuwa karibu. Mdogo wangu anaijua njia kama kiganja chake, alijiambia. Akafungia gunia palepale, mbele ya msitu.

"Dada! Umeamkia kutazama miti siku hizi?"

Ramani alikuwa akipanda nyuma yake, mfuko begani, anatafuna kipande cha mkate. Jana yake jioni alikuwa amelalamika wakiosha vyombo kwamba kuna mtu anachezea alama zake, na Cherehani akasema labda ni upepo. Ramani akacheka. Ni upepo gani huo, aliuliza, unaojua kufungua fundo langu? Kweli fundo lake lilikuwa la kukaza mara mbili, kavu, halifunguki bila meno.

Sasa alikiona kitambaa. "Aa! Mwizi amerudisha. Angalau ana haya." Akachungulia ndani ya msitu, akaacha kutafuna. "Lakini kile cha pale si changu. Na kile kingine kule juu. Dada, kuna mtu anatengeneza njia nyingine."

"Usiende," Cherehani alisema.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hakusema, kwa aibu tu, aibu ya vitambaa vitatu. Alikuwa amemlea kijana huyu tangu ana miaka minne, siku mama yao alipofariki na kumwachia neno moja tu, usimwache. Mtu hapendi kuonekana mwizi mbele ya mtoto aliyemlea.

"Kuna utelezi," alisema.

"Wewe nawe na utelezi wako. Jumatano nina wageni, lazima nijue nani ananichezea." Akampa kipande cha mkate kilichobaki, akaingia msituni. Cherehani aliona mgongo wake ukipita kitambaa cha kwanza, kisha cha pili, kisha majani yakamfunika.

Adhuhuri ukungu ukashuka. Kwenye shamba lile ukungu ukishuka kazi husimama, na nyapara, mzee mnene mwenye filimbi isiyolia vizuri, huhesabu watu wake kwa sauti ili asiachwe mtu ndani ya chai. Kila mstari una mtu wake na kila mtu hutaja namba ya mstari wake, kuanzia chini. Huhesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni ya kuacha kazi, ya pili ni ya kushuka.

"Moja!" ikasikika chini kabisa. "Mbili!" Sauti zikapanda mlima moja baada ya nyingine. "Kumi na moja!"

"Kumi na mbili!" akamaliza Cherehani, kwa kuwa mstari wa juu ulikuwa wake tangu usichana.

Kisha, juu yake, ambako hakuna mstari wowote, sauti ikasema, "Kumi na tatu."

Wanawake wakaangua kicheko. Ramani alipokuwa mdogo, amebebwa mgongoni mwa dada yake, alikuwa akidakia hivyo hivyo, kumi na tatu, na shamba zima likicheka. "Cherehani, leo umeamua kuitika na ya mtoto?" mmoja akapaza sauti.

Cherehani aligeuka akatazama juu. Sauti ile haikuwa ya Ramani. Ilikuwa yake yeye, na mkwaruzo wake wa asubuhi, na pamoja nayo ilishuka harufu ya majani mabichi yaliyofungiwa guniani yakaanza kuchemka.

Jioni Ramani hakurudi.

Siku ya pili watu kumi walipanda kumtafuta. Waliondoka asubuhi wakarudi mchana, matope mpaka magotini, wakitazama chini. Mara tatu walikuwa wamefuata alama mpaka mwisho, na mara tatu alama ziliwatoa palepale walipoingilia, kwenye chai. "Cha ajabu," dereva wa gari la majani alimwambia Cherehani, naye akiongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani, "njia imewekwa alama vizuri mno, mama. Hata mtoto hawezi kupotea mle." Hakuna aliyekubali kupanda mara ya nne.

Mfa maji haachi kutapatapa. Jumatano alfajiri Cherehani alikuwa mlangoni kwa fundi viatu.

Fundi huyo alishona viatu mchana, na watu waliokuwa na mambo yasiyoponeka hospitali walimwendea mapema, kabla hajafungua kibanda. Alikuwa mtu mkavu, mwenye misumari mdomoni, asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza akiwa anagonga soli.

"Hizo alama, fundo limelalia wapi?" aliuliza.

Cherehani akaangalia viatu vilivyopangwa ukutani. Fundi akatema misumari kiganjani, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Nimeuliza, mama. Limelalia wapi?"

"Kushoto." Na hapo machozi yakamtoka, akasema yote, vitambaa, gunia, mkate, utelezi. "Mimi ndiye niliyempeleka. Ni mimi, fundi. Kama ningefungua mdomo tu."

"Majuto ni mjukuu, yatakuja kukusalimia ukizeeka. Sasa sikiliza." Akakivuta kigoda karibu. "Jini la kule halibuni kitu. Linaiga. Miaka yote lilikuwa likiyaona mafundo ya mdogo wako likashindwa, kwa sababu ni magumu. Wewe ukaenda ukayafungua, kisha mbele ya macho yake ukafunga fundo jepesi. Umelifundisha kazi."

"Nifanye nini?"

"Mdogo wako huwaambiaje wageni wake wakipotea?"

"Wakae chini ya alama ya mwisho wanayoiamini. Wasitoke mpaka wafuatwe."

"Basi na yeye yuko chini ya fundo lake mwenyewe, kama ana akili. Panda mchana. Yafuate mafundo ya kushoto mpaka yaishe, halafu upite hapo, uende mbele, utafute fundo la meno. Atakayekuwa chini ya hilo ndiye ndugu yako. Ukimkuta mtu chini ya fundo lako wewe, mpite, hata akikuita kwa jina alilokupa mama yako. Tazama fundo kabla ya kutazama uso. Umenielewa?"

"Fundo kabla ya uso."

"Na ukisikia unaitwa au unahesabiwa, usiitikie. Mkishuka, fungua ya kushoto yote, lisibaki hata moja, mlango wa jini ufungwe."

"Twende wote, baba. Nakuomba. Nitakupigia magoti."

Fundi akarudisha misumari mdomoni, mmoja mmoja. "Mimi niliwahi kuitika," alisema. "Sauti yangu inaishi kule. Nikipanda, itatangulia kukudanganya." Akaanza kugonga tena.

Alipanda saa saba mchana, ukungu ukiwa tayari umekaa juu ya chai. Kitambaa cha kwanza, kushoto. Cha pili, kushoto. Alikuwa akivigusa kwa kidole na kupita. Njia ilikuwa mizizi na matope, ikigawanyika kila baada ya hatua thelathini, na kila ilipogawanyika kitambaa kilikuwepo, mahali pazuri kabisa, usawa wa macho, kikimwelekeza kwa adabu. Baada ya nusu saa akagundua kuwa hasikii ndege. Akagundua pia kuwa vile vitambaa havikuwa vyekundu vyote. Kimoja kilikuwa cha gauni lake kuukuu. Kingine cha shuka.

Kisha nyuma yake, mbali kidogo, sauti ikasema, "Moja."

Akaendelea kutembea. "Mbili," sauti ikasema, na ilikuwa yake mwenyewe, imetulia kama ya mtu anayepanga vyombo kabatini, na kwa kila namba ilisogea hatua moja, tatu, nne, tano, na yeye akaongeza mwendo na mizizi ikamkwaza na mikono ikashika miiba bila kusikia uchungu, sita, saba, na ile harufu ya majani yanayochemka ikaja na joto lake, joto la kitu kilichofungiwa muda mrefu, ikamwingia puani na mdomoni mpaka akawa anapumua kama mtu aliyefunikwa gunia, nane, tisa, kumi, na sasa ilikuwa nyuma ya kisogo chake kabisa, ikasema kumi na moja polepole, halafu ikanyamaza, ikasubiri.

Miaka ishirini na mitano alikuwa ameitikia namba ile bila kufikiri. Ulimi ulijiinua wenyewe. Cherehani aliung'ata mpaka akaonja damu, akaenda hivyo, kinywa kimefumbwa, machozi yanamtiririka, akimwomba Mungu kimoyomoyo, akimwomba na mama yake, akisema mama sikumwacha, naja, sikumwacha, na njia ikapinda kwenye jiwe kubwa lenye rangi iliyobanduka, na chini ya mti, amejikunyata, magoti kifuani, alikuwepo mdogo wake.

"Dada," Ramani akasema. Midomo ilikuwa imepasuka. "Dada, nimechoka. Nina baridi."

Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye tawi juu ya kichwa chake, mkia ukimgusa nywele. Cherehani alipiga kelele isiyo na neno, akamrukia, na mkono mmoja ukamshika bega na mwingine ukaenda juu ukakivuta kile kitambaa ukakitupa, kama mtu anavyomtolea mtoto utando wa buibui usoni. Kikatoka kwa mvuto mmoja. Akamkumbatia, akamfuta uso kwa upindo wa gauni, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nyuma yao hakuna kilichohesabu tena.

Walishuka wameshikana mikono. Kila walipofika kwenye fundo, Cherehani alilivuta akatia kitambaa mfukoni, bila kusimama, mpaka walipotokea kwenye chai na nyapara akapuliza filimbi yake mbovu kwa furaha na wanawake wakapiga vigelegele.

Usiku ule fundi viatu alipita nyumbani kwao. Hakuingia, alimwita Cherehani nje.

"Ulitazama fundo kwanza?"

"Nilitazama."

"Lilikuwa la meno?"

Mdogo wake alikuwa ndani, hai, anakula. Nani angekaa mlangoni kubishana juu ya fundo? "La meno," Cherehani alisema. Fundi akamtazama muda mrefu, kisha akaondoka.

Alhamisi Ramani alilala kutwa. Ijumaa asubuhi alisema hataki tena mambo ya wageni na milima, atakwenda shambani kumsaidia dada yake. Hakuwa mwongeaji kama zamani, lakini mtu aliyelala msituni siku tatu utamlaumu kwa lipi? Cherehani alimpa kikapu cha akiba. Siku nzima alichuma akiimba kidogo, na kila mara aligeuka kuhakikisha bado yupo, na kila mara alikuwepo, na kila mara alikuwa akimtazama mikono.

Saa nane gunia la kwanza likajaa. "Lete nikufungie, dada," Ramani akasema.

Akachukua kitambaa cha shuka, akakizungusha mdomoni mwa gunia, akafanya kitanzi, akavuta. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Cherehani akainama akalitazama lile fundo. Lilikuwa la kitanzi, jepesi, na lilikuwa limelalia kushoto.

Akakumbuka kitambaa cha mlimani. Kilitoka kwa mvuto mmoja. Mikono yake, mikono hii iliyompa jina, ilikuwa imekifungua kabla macho hayajatazama, kama ilivyochuma maisha yake yote.

"Vipi?" Ramani akauliza. "Si ndivyo unavyofunga?" Pumzi yake ilinuka majani yaliyochemka.

Hapo ukungu ukashuka, mzito, mara moja, hata gunia likapotea miguuni pake. Chini nyapara akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Sauti zikapanda. Kumi na moja. "Kumi na mbili," Cherehani akasema, kwa sauti aliyoisikia kama ya mtu mwingine.

Juu, ndani ya msitu, mbali sana, mtu akakohoa.

"Kumi na tatu," akasema. Sauti ilikuwa imekauka, imechoka, ya mtu asiyekunywa kitu siku nyingi, na mwishoni ilipanda kidogo, kama ilivyokuwa ikipanda ya mtoto wa miaka minne aliyebebwa mgongoni.

"Ramani!" mwanamke mmoja akacheka chini. "Bado una utoto wako!"

Yule aliyekuwa karibu naye hakuwa amefungua mdomo. "Ni upepo, dada," alinong'ona. "Usiende. Kule hakuna alama hata moja. Si umezitoa zote?"

Na ni kweli alikuwa amezitoa zote. Zilikuwa bado kwenye mfuko wa gauni lake la juzi, zimekunjwa vizuri. Huko juu lilibaki fundo moja tu la meno, na chini yake mtu mmoja amekaa, hasogei, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha wageni wake, kwamba atakayekaa chini ya alama yake atafuatwa.

Cherehani alivua kikapu. Hakukimbia, kwa sababu haoni. Alinyoosha mikono mbele akapanda akipapasa, majani ya chai yakaisha, miti ikaanza, akaingia. "Nakuja!" aliita, na hakujali tena nani anasikia. "Usitoke hapo, mdogo wangu! Nakuja!" Akasikiliza kikohozi. Akageukia upande aliodhani kimetoka. Baada ya hatua thelathini njia ikagawanyika, na hapakuwa na kitu cha kushika.

Nyuma yake, chini kabisa, nyapara alikuwa akihesabu mara ya pili, ile ya kushuka. Cherehani alisimama. Nitakosekana, aliwaza, na moyo ukamruka kwa tumaini. Wataona mstari wa juu hauitiki. Watakuja watu, watakuja na taa na kamba, tutamtafuta wote.

"Kumi," ikaitika sauti ndani ya ukungu. "Kumi na moja."

Pakawa kimya kidogo.

"Kumi na mbili!" akasikia sauti yake mwenyewe ikiitika kutoka kwenye chai, nyepesi, yenye furaha, na mkwaruzo wake wa asubuhi.

"Tumetimia," nyapara akasema. "Shukeni, hakuna aliyebaki."